Usahaulifu na Neno "Uzee Tu": Maradhi ya Kumbukumbu na Sababu Zake

Maudhui yanayojadiliwa leo ni kumbukumbu ya mwanadamu, maradhi yanayoivuruga, na sababu zinazomfanya mtu apoteze yale aliyokuwa akiyajua.

Anayeishi mbali na kwao, awe Muscat, London au Toronto, humfahamu mzazi wake zaidi kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Siku moja mama anauliza habari za mjukuu, anajibiwa, na kabla ya dakika tano kupita anauliza tena kwa maneno yale yale. Wiki ya pili analalamika kwamba fedha zilizotumwa hazijamfikia, ilhali alizipokea na akashukuru. Walioko nyumbani, ambao wameyaona mabadiliko hayo yakija polepole na wakayazoea, hujibu kwa maneno mawili: uzee tu. Maneno hayo husemwa kwa huruma, lakini yana madhara makubwa, kwani hufunga mlango wa hospitali kabla haujabishwa. Miongoni mwa sababu za kupoteza kumbukumbu zimo zinazotibika kabisa, zimo zinazoweza kuzuiwa zisiendelee, na zimo ambazo tiba yake bado haijapatikana. Aliyekwisha kuambiwa kuwa ni uzee hawezi kujua yeye yumo katika kundi lipi.

Ni kweli kwamba umri hupunguza kasi ya akili. Mtu wa miaka 70 huchelewa kulikumbuka jina la jirani wa zamani, kisha jina likamjia jioni akiwa anafanya jambo jingine. Huingia chumbani akasahau alichokifuata. Hayo ni ya kawaida na hayamzuii kuendesha maisha yake. Hali ni tofauti kwa mpishi aliyepika pilau katika harusi za mtaa mzima kwa miaka 40, kisha siku moja akasimama mbele ya sufuria asijue kinachofuata baada ya vitunguu. Ni tofauti pia kwa mzee anayepotea katika njia ya kutoka sokoni aliyoipita kila siku ya maisha yake. Hapo kitu kimeharibika, na kila kilichoharibika kina kilichokiharibu.

Ili kufahamu jinsi kumbukumbu inavyoharibika, inafaa kwanza kufahamu kwamba kumbukumbu haikai mahali pamoja kichwani kama nafaka ghalani. Sehemu kubwa ya elimu hiyo imetokana na mtu mmoja ambaye hakuweza kukumbuka kwamba ameisaidia elimu. Huyo ni Henry Molaison, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1926 katika jimbo la Connecticut, ambaye kwa zaidi ya miaka 50 wanasayansi walimtaja kwa herufi mbili tu, H.M., ili kumhifadhia siri yake. Henry alisumbuliwa na kifafa tangu ujana wake, na dawa za zama zile zikashindwa kumtuliza. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, daktari mpasuaji William Scoville alimfanyia upasuaji katika mji wa Hartford, akaondoa sehemu ya ndani ya ubongo katika pande zote mbili za kichwa, kwenye usawa wa masikio. Ndani ya sehemu hiyo kimo kiungo kidogo kilichopinda mfano wa farasi wa baharini, nacho huitwa hipokampasi.

Kifafa kilipungua sana. Akili yake ilibaki timamu, lugha yake nzuri, na upole wake ule ule. Lakini tangu siku hiyo hakuna jambo jipya lililoweza kukaa. Alikula chakula cha mchana na baada ya muda mfupi hakujua kama amekula. Madaktari waliomhudumia kwa miongo ya miaka walilazimika kujitambulisha kwake upya kila walipoingia. Utoto wake aliukumbuka, na aliweza kushika tarakimu chache kichwani maadamu hakuna aliyemkatiza, lakini daraja baina ya sasa na baadaye lilikuwa limevunjika.

Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Canada, ndiye aliyegundua jambo la ajabu zaidi. Alimpa Henry kazi ya kuchora nyota kwa kufuata mstari, huku akiruhusiwa kuutazama mkono wake kupitia kioo peke yake. Kazi hiyo humtatiza kila mtu mwanzoni, maana mkono huenda kinyume na jicho. Kwa siku tatu mfululizo Henry aliirudia, na kila siku alisema kwamba hajapata kuiona maishani mwake. Hata hivyo mkono wake ulizidi kuwa hodari siku baada ya siku. Mkono ulikuwa ukikumbuka kile ambacho mwenyewe alikuwa amekisahau.

Kutokana na mgonjwa huyo ilibainika kwamba kumbukumbu za matukio hupitia hipokampasi ili zihifadhiwe, ilhali ujuzi wa viungo, kama kuendesha baiskeli au kusuka ukili, una njia yake nyingine. Ndiyo maana bibi aliyesahau majina ya wanawe anaweza kuendelea kusuka mkeka bila kukosea mshono. Jamaa humtazama wakadhani kwamba anajisahaulisha makusudi, kumbe sehemu moja imeangamia na nyingine imesalimika. Henry Molaison alifariki dunia mwezi Disemba mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 82, na hapo ndipo jina lake kamili lilipotangazwa. Mwaka uliofuata ubongo wake ulikatwa huko San Diego, California, katika vipande vyembamba 2401 ili uendelee kuchunguzwa.

Alichopoteza Henry kwa kisu, wengine hukipoteza kwa maradhi. Clive Wearing, mwanamuziki mashuhuri wa Uingereza, alishikwa na homa na maumivu ya kichwa mwezi Machi mwaka 1985. Virusi vya herpes, vile vile ambavyo kwa watu wengi huleta malengelenge ya mdomoni tu, vilikuwa vimeingia katika ubongo wake. Alipona homa, lakini kumbukumbu yake ikabaki na urefu wa nusu dakika au chini ya hapo. Katika daftari lake aliandika mara nyingi mno kwamba sasa hivi ndipo ameamka kwa mara ya kwanza, akafuta sentensi iliyotangulia, na akaandika tena. Lakini mke wake alimtambua na kumpenda vile vile, na alipoketi mbele ya piano, vidole vyake vilijua la kufanya.

Kuna jambo la kutiliwa mkazo hapa. Homa inayokuja pamoja na kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dharura. Ikiwa ni virusi hivyo, dawa yake ipo, na kila saa inayopotea huongeza madhara. Katika nchi za Afrika Mashariki dalili hizo hizo zinaweza kuwa za malaria iliyopanda kichwani au za homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya watoto wanaonusurika na malaria ya namna hiyo hubaki na udhaifu wa kumbukumbu na wa kuzingatia masomo. Mtoto anayeitwa mvivu darasani huenda akawa anabeba athari za homa ya miaka miwili iliyopita.

Sababu nyingine imo katika chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1880 daktari wa Kirusi Sergei Korsakoff alieleza juu ya wagonjwa waliopoteza kumbukumbu za karibuni na kuyajaza mapengo hayo kwa visa ambavyo havikutokea. Wagonjwa hao hawakuwa wakisema uwongo, kwani wao wenyewe waliviamini visa vyao. Baadaye ilijulikana kwamba chanzo ni ukosefu wa vitamini B1. Walevi wa muda mrefu ndio wanaoathirika zaidi, lakini si wao pekee, kwani mjamzito anayetapika kwa wiki nyingi bila kukaa na chakula tumboni anaweza kufikwa na balaa hilo. Vitamini hiyo ikitolewa mapema, kwa sindano, ubongo huokolewa. Ikichelewa, sehemu ya kumbukumbu hairudi.

Ugonjwa unaotajwa zaidi kuliko yote, hata watu wakadhani kwamba ndio pekee uliopo, ni ule wa Alzheimer. Mwezi Novemba mwaka 1901 mwanamke mmoja wa Kijerumani, Auguste Deter, aliyekuwa na umri wa miaka 51, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt. Daktari Alois Alzheimer alimhoji kwa siku kadhaa na kuandika kila jibu. Alipotakiwa aandike jina lake alianza, akakwama, na akasema kwamba amejipoteza mwenyewe. Alifariki mwaka 1906. Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta madoa magumu katikati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo inajulikana kwamba madoa hayo yametokana na protini iitwayo amiloidi na nyuzi zile zimetokana na protini iitwayo tau, na kwamba huanza kujikusanya miaka mingi kabla ya dalili ya kwanza kuonekana. Hipokampasi ni miongoni mwa sehemu zinazoshambuliwa mapema, na hii ndiyo sababu mgonjwa hukumbuka harusi yake ya mwaka 1965 na kusahau mgeni aliyetoka asubuhi.

Inafaa kuashiria kwamba Auguste Deter hakuwa mzee. Ugonjwa uliompa jina Alzheimer ulipatikana kwanza kwa mwanamke wa makamo, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwatia shaka wanaosema kwamba kusahau ni uzee. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 walikuwa wakiishi na maradhi ya kuporomoka kwa akili duniani mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 kati yao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Alzheimer husababisha asilimia 60 hadi 70 ya hali hizo. Sababu nyingine kubwa ni kuziba au kupasuka kwa mishipa ya damu ya ubongo. Hiyo mara nyingi haishuki polepole kama mteremko, bali hushuka kama ngazi: mtu yuko sawa, kisha ghafla anapungua, anatulia kwa miezi, kisha anapungua tena. Kila ngazi huwa ni kiharusi, pengine kidogo mno kiasi kwamba hakuna aliyekiona. Shinikizo la damu lisilotibiwa na kisukari ndivyo vinavyoijenga ngazi hiyo.

Sasa ni zamu ya yale yanayotibika, na hapa ndipo penye haja ya kukaa kitako. Mzee huanguka bafuni, akajigonga kichwa kidogo, akainuka na kusema hajambo. Baada ya wiki tatu anaanza kusahau, anasinzia mchana, hatua zake zinayumba. Damu imekuwa ikivuja taratibu baina ya fuvu na ubongo na kuugandamiza. Picha ya kichwa huionyesha, na mpasuaji anaweza kuitoa kwa tundu dogo. Mgonjwa aliyekuwa akihesabiwa kuwa amekwisha hurudi kuwaita wajukuu kwa majina. Familia isiyokumbuka kule kuanguka, au isiyoona umuhimu wa kukutaja, humnyima daktari ufunguo.

Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ikifanya kazi kwa udhaifu, akili nayo huwa nzito, na kidonge kimoja kwa siku huirekebisha. Upungufu wa vitamini B12, ambayo hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa, huharibu neva na kumbukumbu pamoja. Wazee wengi hawaifyonzi vizuri tumboni, na dawa ya kisukari iitwayo metformin, inayotumiwa na watu wengi mno kuanzia Mombasa hadi Dubai, inaweza kuipunguza inapotumiwa kwa miaka. Hiyo si hoja ya kuiacha dawa, kwani kisukari kilichoachwa ni hatari zaidi. Ni hoja ya kuomba kipimo. Kaswende ya miaka mingi na virusi vya UKIMWI visivyotibiwa huingia ubongoni pia, na wazee mara nyingi hawapimwi kwa sababu ya haya tu.

Kisha kuna dawa zenyewe. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za kukojoa mara kwa mara, na zile za zamani za mafua na mzio zinazoleta usingizi, ambazo hununuliwa dukani bila cheti, huweza kumchanganya mzee kiasi cha kudhaniwa kuwa ameingiwa na wazimu. Maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini huweza kumfanya aweweseke kwa siku chache tu, hali iliyo tofauti kabisa na ugonjwa wa miaka. Na iko sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Mjane anayekaa peke yake tangu kufiwa na mumewe hasemi kwamba ana huzuni. Husema kwamba kichwa chake hakishiki kitu. Mwenye Alzheimer mara nyingi huficha kusahau kwake au hajui kabisa kwamba anasahau. Mwenye sonona huulalamikia usahaulifu wake kila siku. Tofauti hiyo si kanuni isiyovunjika, lakini madaktari huitazama.

Huenda msikilizaji akauliza ni vipi vipimo vya akili vitafanywa kwa bibi ambaye hakupata kusoma, ilhali vipimo vingi vya Ulaya humtaka mtu aandike sentensi au achore saa. Jibu moja limetoka katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, nchini Tanzania. Uchunguzi uliofanywa huko mwaka 2010 kwa watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi ulikuta kiwango cha takriban asilimia 6.4 cha kuporomoka kwa akili, kiwango kisichotofautiana sana na cha nchi tajiri. Dhana kwamba maradhi haya ni ya Wazungu haina msingi. Kazi hiyo ya Hai ilizaa kipimo kifupi kiitwacho IDEA kisichohitaji kalamu. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani, leo ni siku gani, hutajiwa maneno ayakumbuke baadaye, hutakiwa ataje wanyama wengi awezavyo, na hupewa njiti za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Ni vitu ambavyo nyumba yoyote ya kijijini inavyo, ingawa matokeo yake yanapaswa kusomwa na aliyefunzwa.

Kuhusu tiba ya Alzheimer yenyewe, ukweli lazima usemwe bila kuupamba. Zipo dawa za miaka mingi, kama vile donepezil, ambazo huwapa baadhi ya wagonjwa nafuu ya muda. Dawa mpya zinazoondoa amiloidi, lecanemab na donanemab, ziliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2023 na 2024. Hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo kwa walio katika hatua za mwanzo, hazirudishi kilichopotea, ni ghali, na mgonjwa huhitaji picha za ubongo mara kwa mara kwa hofu ya uvimbe na kuvuja damu. Anayeuza chupa ya mitishamba kwa ahadi ya kuiponya Alzheimer anauza maji.

Kinga ina matumaini zaidi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, kama yangeondolewa yote, takriban asilimia 45 ya hali za kuporomoka kwa akili zingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, kutofanya mazoezi, upweke na kukosa elimu utotoni. Limo pia jambo ambalo wengi hawalidhanii: uziwi usiotibiwa. Mzee asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na ubongo usiozungumzishwa hudhoofika. Mtu anayetafuta zawadi ya kumpelekea baba yake na atafute kwanza kifaa cha kusikilizia.

Kwa aliyeko ughaibuni, simu yaweza kufanya kazi kubwa kuliko salamu. Aulize anayekaa na mzee: hali hii ilianza lini, kwa ghafla au polepole? Je, aliwahi kuanguka? Anakula nini, analala vipi? Dawa zote zilizomo nyumbani, pamoja na zile za jirani, zitiwe katika mfuko mmoja na zipelekwe kwa daktari zilivyo. Maswali yanayorudiwa yajibiwe kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza, maana kwa anayeuliza ndiyo ya kwanza, na karipio humwachia uchungu hata baada ya kusahau sababu yake.

Na wapo walioamua kumchukua mzazi wakaishi naye huko huko. Mzee aliyejifunza Kiingereza ukubwani huenda akakipoteza kabla ya Kiswahili, na akipimwa kwa Kiingereza huonekana mgonjwa kuliko alivyo. Nchini Uingereza, ambako ziko kliniki maalumu za kumbukumbu katika huduma ya afya ya taifa, familia ina haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo, na iombe mapema, wakati wa kupangiwa miadi. Mtoto asijifanye yeye ndiye mkalimani. Daktari akimwuliza mama leo ni siku gani, mtoto hujikuta anamnong'oneza jibu, kwa mapenzi tu, na kipimo kinakuwa kimempima yeye.